Bei ni Maelewano

Mume wangu anaweza kukutajia ngeli zote za Kiswahili bila kuvuta pumzi, lakini muulize bei ya kitu anachokiuza yeye mwenyewe, uone jasho litakavyomtoka. Atakohoa. Atatazama viatu vyako. Mwisho atakwambia, "Aah, wewe toa tu utakachoona," na hapo mimi hutamani ardhi ipasuke, sijui inimeze mimi au immeze yeye.

Kwetu alikuwa mwalimu wa sekondari. Wanafunzi walimbandika jina la Ki-Vi, maana hata ukikutana naye sokoni siku ya mapumziko, ukathubutu kusema "viatu yangu", atasimama katikati ya njia akusahihishe, na mzigo wako kichwani asiuone. Mshahara wake ulikuwa mdogo na ulichelewa, lakini ulikuja na kiwango chake. Hakuna aliyewahi kumsimamisha mlangoni mwa darasa akamuuliza, "Mwalimu, sarufi ya leo unauzaje?" Basi hakujifunza. Mimi nimekulia chini ya meza ya mama yangu aliyeuza vitambaa, na kabla sijajua kusoma nilishajua kumtazama mteja machoni nikamtajia bei. Mungu naye ana utani wake, akatukutanisha.

Huku ugenini nilitangulia mimi. Nilipata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo mashuka huja machafu kwa mlango huu na kutoka yamekunjwa kwa mlango ule. Mume wangu akafuata baadaye. Binti yetu tukamwacha kwa mama mkwe. Tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kunyamaza, na wenye midomo yao husema hilo kalitoa kwangu. Tulipomwacha alikuwa na miaka minne na alikuwa halali mpaka anishike sikio. Tulimwambia mama mkwe ni kwa muda tu, tukishatulia tutamchukua.

Kutulia! Nani alitulia? Sheria ya hapa iko wazi: mtoto haletwi mpaka wazazi wawe na nyumba yenye chumba chake, na wawe na kipato kinachoeleweka. Sisi tulikuwa na chumba kimoja. Kitanda nyuma ya pazia, jiko pembeni, na meza moja ya kulia, ya kupigia pasi na ya kusahihishia. Miaka ikapita hapo hapo, na kwenye simu Chiriku akaacha kuuliza "mnakuja lini?" akaanza kuuliza "hamjambo?" kama watu wazima. Neno hilo moja lilininyima raha kuliko kilio.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi ghalani, anapanga maboksi, na mgongo ulikuwa umeanza kumlaumu. Siku moja alikuwa kituo cha basi akizungumza na mama yake kwenye simu, kwa sauti, kama tunavyozungumza sote na watu walio mbali. Mwenyeji mmoja mrefu wa miwani akamsogelea akamuuliza hiyo ni lugha gani tamu hivyo. Kumbe ni mhandisi, kampuni yake inampeleka pande za kwetu kusimamia ujenzi wa daraja, na anatafuta mtu wa kumfundisha. Mume wangu alirudi nyumbani uso unang'aa. Haikupita wiki akaacha kazi ghalani. Na kuniambia aliniambia baada ya kuacha, si kabla, tena alingoja asubuhi nikiwa nasukutua, mdomo umejaa maji, ili nisiweze kumjibu.

"Nimejiajiri," akasema. "Mwalimu binafsi wa Kiswahili."

Nilipotema yale maji nilisema mengi, na mengine hayafai kurudiwa mbele za watu.

Sasa, wakati huohuo ghorofa ya juu yetu kulikuwa na familia inajiandaa kuhama. Vyumba viwili, na jiko lenye dirisha. Mwenye nyumba, mzee asiyependa maneno, alitukuta kwenye ngazi akatuambia atatufikiria sisi kwanza, ila akija kuchukua jibu atataka aone kwamba kila mwezi kuna kitu kinaingia cha kueleweka. La sivyo atampa mwingine, wako wengi. Tangu siku hiyo sikukaa nikatulia. Juu ya kichwa changu nilisikia makabati yakiburutwa, vyombo vikifungwa, watoto wa watu wakikimbia kutoka chumba hiki kwenda kile, na mimi chini namhesabia Chiriku hatua.

Mume wangu akatengeneza tangazo. Aliliandika mwenyewe kwa lugha ya hapa, na alijivunia kwamba hakuhitaji msaada wa mtu. Akalibandika maktaba, duka la dawa, na mlangoni kwa kinyozi. Wanafunzi wakaja, tena haraka. Mhandisi alikuwepo tayari. Akaja pia mjane mmoja mstaafu, niliyempa jina la Bibi wa Mbwa kwa kuwa hakuja bila mbwa wake, aliyefika pande zetu zamani akiwa msichana na hakuwahi kupasahau. Wakaja pia wengine wawili watatu.

Masomo yakifanyika, mimi nilikuwa nyuma ya pazia na yule mbwa amenilalia miguuni. Na haki ya Mungu, anafundisha mtu yule! Mtu anaingia hajui "maji", anatoka anasema "maji ya kunywa yako wapi?" na anacheka mwenyewe kwa furaha. Tatizo ni kwamba saa yake ilikuwa na mkia. Saa moja inaisha, yeye ndiyo kwanza amekumbuka methali inayofanana na hilo somo, na methali inahitaji hadithi, na hadithi inahitaji chai. Mimi nyuma ya pazia natikisa mguu, mbwa ananitazama.

"Wanalipa?" nilimuuliza.

"Watalipa."

"Lini?"

"Hawa si watu wa kukimbia na pesa ya mtu, mke wangu. Hawa wastaarabu."

Wastaarabu kweli. Bibi wa Mbwa alileta maua kwenye chungu. Mwingine alileta koti zuri la mumewe wa zamani, likamkaa mume wangu mpaka magotini. Mhandisi alileta asante. Asante njoo, asante nenda, na kila akitoka alishika mkono wa mume wangu kwa mikono miwili. Nikajiambia labda ni desturi yao kulipa mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha. Nikajiambia labda ni mwisho wa miezi miwili. Huko juu wakaanza kuteremsha makabati.

Siku hiyo nilitoka kazini mapema, nikamkuta mhandisi ameinama mlangoni anafunga kamba za viatu. Sikuvua hata koti.

"Bwana mhandisi," nikamwambia, "samahani. Malipo ya mwalimu vipi?"

Alisimama wima, akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikadhani nimemkamata. Akatoa simu yake, akanionyesha picha ya lile tangazo la mume wangu, akaweka kidole penye mstari wa mwisho. Palikuwa pameandikwa, kwa lugha ya hapa, kwa mwandiko mzuri wa kialimu: *Bei ni kuelewana.*

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama viatu.

Wewe na mimi tunajua alichotaka kusema. Kwetu kila kinachouzwa kimeandikwa hivyo, kuanzia kwenye baiskeli mbovu mpaka kwenye kiwanja: bei ni maelewano. Maana yake njoo tuvutane, mimi nitapandisha, wewe utashusha, tutakutana katikati. Yeye akachukua maneno yale akayavusha mpaka wa lugha vilevile yalivyo, kama mtu anayevusha mbuzi. Na huku hakuna mtu anayejua kuvutana. Huku kitu kina karatasi ya bei, ukitaka unachukua, hutaki unaacha.

"Tuliposoma hivi kazini," mhandisi akasema, "tukaona huyu mwalimu anajiamini sana. Mwanafunzi halipi mpaka aelewe lugha. Ni njia mpya. Nimemsifu kwa wenzangu wote."

"Na wewe bado hujaelewa?"

"Bado, mama," akanijibu, kwa Kiswahili safi kabisa. "Naelewa kidogo kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba."

Jamani! Mtu anakwambia hajaelewa Kiswahili, na anakwambia kwa methali! Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha kicheko kikageuka, nikaona nitalia. Lakini muungwana ni muungwana. Mhandisi alipoona nimetaharuki, akatoa pochi palepale. "Niambieni ni kiasi gani. Nalipa sasa hivi, na ya nyuma yote."

Mlango ulikuwa umefunguka wenyewe. Kazi ya mume wangu ilikuwa kupita tu. Akakohoa. Akasema, "Aah, usijali."

Usijali! Huku ukimwambia mtu usijali, hajali. Mhandisi alisubiri kidogo, akamtazama, akanitazama, akarudisha pochi mfukoni, akashukuru kwa mikono miwili, akashuka ngazi.

Mlango ulipofungwa sikupiga kelele. Ningepiga kelele ingekuwa nafuu. Nilianza kufuta meza. Meza ilikuwa safi, lakini niliifuta, nikaifuta tena, na mume wangu akasimama na lile koti lake la magotini kama mtoto aliyerudishwa nyumbani na mwalimu mkuu.

"Mwalimu," nikamwambia, naye anajua nikimwita mwalimu hali ni mbaya, "unataka mtoto aje au hutaki?"

"Unaniuliza swali gani hilo?"

"Nakuuliza swali la bei."

Akakaa. Akazungumza muda mrefu, na sikumkatiza, jambo ambalo si la kawaida. Alisema hawezi. Alisema kila akifungua mdomo kutaja pesa anamwona mama yake ameketi anachambua mchele, anamtegea vitendawili, anamwimbia, anamfokea kwa methali. Kiswahili chote alicho nacho kilitoka pale. Shule ilimpa majina ya vitu tu. Vitu vyenyewe alikuwa navyo. "Nilipewa bure," akasema. "Nitaanzaje kumuuzia mtu sauti ya mama yangu?"

"Na maziwa ulipewa bure," nikamwambia, "mbona dukani tunalipia?"

Aliinuka akaanza kutembea, dirishani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka dirishani, na chumba chenyewe hakitoshi kutembea. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwa kumwonea huruma.

Kesho yake akaanza kutafuta bei. Bwana wee, ni afadhali angebaki na maelewano! Kila nilipotoka kazini nilikuta bei mpya. Mara aweke bei ya kunyolewa nywele, kwa kuwa kinyozi pale chini naye anafanya kazi kwa mikono yake. Nikamwambia kinyozi anamaliza kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, na nywele zinaota tena kwa hiyo lazima urudi. Wewe mwanafunzi akielewa ndiyo basi, hamuonani. Mara aweke bei ya juu kama ya daktari, kisha nikienda kupika nakuta ameikata nusu, nikirudi ameikata nusu ya nusu. "Watakimbia," anasema. Na mimi nasikiliza juu. Kule juu palikuwa pamenyamaza sasa, watu wamekwishahama, na ukimya ule ulinisumbua kuliko kelele. Siku moja nikasikia viatu vya mwenye nyumba na viatu vya watu wengine nyuma yake. Alikuwa anawaonyesha vyumba. Nikashika ufagio nikataka kugonga dari, nikajizuia.

Nikamvuta mume wangu mkono tukashuka kwa mwalimu wa kinanda. Huyu ni mwanamke anayeishi peke yake chini, na tulikuwa tukimjua kwa zile nyimbo za watoto zinazokosewa mahali palepale kila siku. Nyumba yake ni kinanda na viti viwili. Alitusikiliza, akacheka kuhusu lile tangazo mpaka akavua miwani, kisha akawa mkali.

"Nani alikwambia unauza saa moja?" akamuuliza mume wangu. "Umeandaa somo kwa muda gani? Ukimfuata mwanafunzi nyumbani kwake kwa miguu, nani atalipia miguu? Na yule aliyekupigia dakika za mwisho kwamba hatakuja, wewe ulikaa unamngoja. Hiyo saa ni ya nani? Utaugua. Utataka kupumzika. Serikali itataka chake. Yote hayo yako ndani ya saa moja, na wewe unalinganisha na kinyozi."

"Lakini nikitaja hivyo watashtuka," mume wangu akasema.

"Acha washtuke. Wewe taja, kisha funga mdomo. Kimya kikikuuma, uma ulimi. Na asiyetokea bila kutoa taarifa siku moja kabla, analipa."

Nilitamani kumkumbatia mwanamke yule. Tukapanda juu, tukakaa mezani, tukapiga hesabu kama alivyotufundisha, na bei ikapatikana. Sitaitaja hapa. Watu wa nyumbani wataigeuza kwa pesa za kwetu, halafu wataanza kuniomba mitaji.

Kupata bei ni kitu kimoja, kuitamka ni kingine. Tulifanya mazoezi. Mimi nikawa mteja, naingia kwa mlango, navaa hata mkoba.

"Masomo yako ni bei gani, mwalimu?"

Akataja. Vizuri, kwa sauti. Kisha, kabla sijahesabu hata moja, akaongeza, "Lakini tunaweza—"

Nikapiga meza. "Lakini ya nini?"

Tukarudia. "Lakini kama ni—" Nikapiga meza. Tukarudia. "Ila—" Nikapiga meza. "Ila ni mdogo wake lakini," nikamwambia, "wote toka nje!" Mwalimu wa kinanda akagonga bomba kutoka chini, nadhani kwa kututia moyo.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa mhandisi. Alilipa palepale, na ya nyuma yote, na alionekana mtu aliyeondolewa mzigo; alisema alikuwa ameanza kuogopa kuelewa. Wa pili Bibi wa Mbwa. Huyo alisikiliza, akampapasa mbwa, akasema, "Nilikuwa nangoja useme. Nilidhani labda hujioni mwalimu." Kisha akasema kwa pensheni yake hataweza kila wiki, atakuja mara moja kwa mwezi. Mume wangu alimsindikiza mpaka barabarani. Mbwa yule nami nilimkosa, sitaki kusema uongo. Wale wengine hawakurudi tena, na nyumba ikawa na saa nyingi tupu ambazo hazikuwepo zamani, naye akaanza tena kutembea, dirishani mpaka mlangoni.

"Nimewafukuza," akasema.

"Umewauliza kama wako tayari kulipa," nikamwambia. Lakini moyoni nilikuwa naogopa kuliko yeye. Mwenye nyumba alikuwa ameshatuuliza mara mbili kwenye ngazi.

Halafu ikaja simu ya shirika moja linalopeleka watu wake kufanya kazi pande zetu. Mhandisi ndiye aliyewaambia. Walitaka mwalimu wa kufundisha kikundi, asubuhi kwa asubuhi, kwa mwaka mzima. Mkurugenzi, mwanamke, akamwita ofisini.

Siku hiyo mimi nilikuwa kazini. Mashuka niliyokunja yalirudishwa, nikakunja tena, yakarudishwa. Msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, mume wangu anataja bei. Alidhani nimechanganyikiwa.

Nilipotoka nilimkuta amesimama nje ya lango la hospitali na lile koti la magotini. Nikamkimbilia. "Umesemaje? Wamesemaje? Sema basi!" Nikamtikisa. Ndipo akavuta pumzi.

"Nimetaja," akasema. "Akanyamaza. Akatazama dirisha. Mke wangu, ule ukimya! Nikajua hapa sasa. Neno 'lakini' likanijia mpaka kwenye meno. Nikauma ulimi, nikaanza kutaja ngeli moyoni. Nilianza na A-WA, nikapita U-I, nikapita LI-YA, nikapita KI-VI yangu. Nilikuwa nimefika PA-KU-MU, hakuna tena pa kwenda, ndiyo akaniuliza, 'Na vitabu vimo humo?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia vitabu ni mbali."

Nilipiga vigelegele palepale langoni, wagonjwa wakageuka. Vitabu ni mbali! Ki-Vi wangu huyu, aliyeshindwa kupokea pesa iliyonyoshwa mkononi! Nilimwona mrefu siku ile, na lile koti kwa mara ya kwanza likamkaa.

Mkataba wa shirika ukasainiwa, na mwenye nyumba akapata jibu lake. Tukahamia juu kwa mikono yetu wenyewe, tukipandisha meza ile moja. Vyumba viwili. Cha dirisha kubwa tukakiacha cha Chiriku, na kabla hata sijapanga sufuria nilikwenda kwenye duka la samani nililokuwa napita kila siku nikitoka kazini. Kilikuwepo kitanda nilichokipenda muda mrefu, kidogo, cheupe, kimechorwa vipepeo, kina mbao za pembeni za kumzuia mtoto asianguke. Nilikilipia bila kuvutana. Mume wangu akakifunga skrubu akiimba, nikatandika shuka, nikalitoa mikunjo kwa kiganja.

Tukakaa sakafuni kando yake, tukampigia mama mkwe. Anatumia kisimu cha tochi, picha hamna, ni sauti tu. Picha hutumiwa na jirani mara mojamoja, uso wa Chiriku unacheka. Nikaiweka simu katikati yetu ili wote tusikie.

"Mama," nikasema, na nilishindwa kujizuia, "tumepata nyumba! Chumba chake kipo! Chiriku anakuja!"

Tulisikia kuku wake.

"Nimesikia," akasema. "Kwa hiyo kazi yangu imekwisha."

"Hapana, mama, si kazi—"

"Kama si kazi ni nini basi, mbona naachishwa?"

Alisema bila hasira, kwa sauti yake ileile ya kutegea vitendawili. Miaka yote ile tulimtumia pesa za chakula na za shule. Hatukuwahi kumuuliza yeye anataka nini. Nilimtazama mume wangu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mama," akasema, "hatukukuuliza. Nakuuliza sasa. Unataka tufanyeje?"

"Muhula ndiyo kwanza umeanza," mama mkwe akasema. "Mniachie mpaka uishe. Nimzoeze yeye, na nijizoeze na mimi."

Muhula mzima! Nilifungua mdomo. Mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye niliyekunja mashuka ya wagonjwa miaka yote ile nikimkunjia yeye chumba kichwani. Nilikuwa na maneno ya kujaza kapu. Mume wangu alinitazama tu, hakuniomba, na mdomo wangu ambao haujawahi kukosa neno ukakosa.

"Sawa, mama," nikasema. Kisha, kwa sababu moyo ulikuwa unaniuma na nilitaka kusema kitu kilicho chetu, nikaongeza, "Kitanda chake kimeshafika. Kitamngoja."

"Kitanda gani?"

Nikamweleza. Cheupe, cha vipepeo, na mbao za pembeni asianguke.

"Asianguke?" akauliza. Safari hii sauti yake ilikuwa laini, na ulaini huo ndio ulionimaliza. "Mwanangu, huyo unayemnunulia kitanda mimi simjui. Huyu niliye naye hapa ananifika begani."

Umri wake naujua. Siku yake ya kuzaliwa sijawahi kuisahau hata mara moja. Lakini kule dukani mikono yangu ilimpima yule aliyekuwa ananishika sikio, na yule hayupo tena popote, si kwangu wala kwa bibi yake. Niliweka mkono juu ya shuka. Nilipoinyosha mikono yote miwili niligusa kichwani na miguuni mwa kitanda kwa pamoja.

"Mpime, mama," nikasema. "Tafadhali. Mpime nijue."

Tukamsikia akimwita. Miguu ikaja mbio, miguu mizito kuliko niliyokuwa nikiihesabu darini. Ukatafutwa uzi, haukuonekana, akatumwa mwenyewe akautafute, akarudi anahema. "Ni nani, Bibi?" akauliza. "Wazazi wako. Vua viatu. Simama wima, visigino ukutani. Usijinyoshe, utawadanganya."

Mume wangu akachukua penseli. Nikaisogelea simu, tukangoja tuambiwe.